Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio: yapi ya kuyapuuza, yapi ya kukimbilia hospitali

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na ukijumlisha usiku na mchana unafika kama mapigo 100,000. Katika wingi huo, karibu kila mtu ana mapigo kadhaa yanayokosea zamu, ajue asijue. La muhimu ni namna yanavyokosea, na hali ya moyo wenyewe unaokosea.

Kinachowapotosha wengi ni kupima hatari kwa ukubwa wa mshtuko. Pigo linalokugutua usingizini mara nyingi halina lolote. Mapigo yanayoleta kiharusi, kwa upande mwingine, huweza kupita kimyakimya kwa miezi, na wapo wanaoyagundua siku mdomo umeshapinda. Hisia ni shahidi dhaifu. Shahidi wa kuaminika ni karatasi ya ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, iliyochukuliwa wakati tatizo lenyewe linatokea, na sehemu kubwa ya ushauri ulioko hapa inalenga kuipata karatasi hiyo, au kujua la kufanya kabla haijapatikana.

Kwanza namna moyo unavyoendeshwa, kwa ufupi. Umeme wake huanzia kwenye kundi dogo la chembe lililoko sehemu ya juu ya chumba cha juu cha kulia. Huenea kwenye vyumba vyote viwili vya juu, hufika kwenye kituo cha katikati na kucheleweshwa pale kama sehemu ya kumi ya sekunde ili damu iteremke, kisha hushuka kwa kasi kupitia nyuzi maalumu na vyumba vya chini hujikamua. Mpangilio huharibika kwa njia kuu tatu: umeme unazuka mahali pasipo pake, unazunguka kwenye duara bila kutoka, au unakwama njiani.

Anza na vidole viwili

Kaa kimya dakika tano bila kuongea wala kuvuta sigara. Geuza kiganja kiangalie juu, kisha weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwenye kijia laini kati ya mfupa na mshipi wa msuli. Usitumie gumba, kwa sababu lina mshipa wake na utaishia kuhesabu mapigo ya mkono unaopimia. Bonyeza taratibu, ukikandamiza sana unaufunga mshipa na hutasikia kitu.

Mdundo ukiwa sawa, hesabu sekunde 30 na uzidishe mara mbili. Ukiwa haueleweki, hesabu sekunde 60 kamili, maana kuzidisha kunakuza kosa. Wakati unahesabu, mkono wako mwingine au mtu aliye karibu agonge meza kwa kufuata kila pigo. Ugongaji huo una faida kubwa kuliko namba. Ukisikika sawasawa kisha pigo moja likawahi na kufuatiwa na mwanya, hilo ni pigo la mapema. Ukienda mbio lakini kwa mdundo uleule, ni jambo jingine. Na ukiwa ovyo kabisa, huwezi hata kubashiri pigo lijalo litafika lini, hapo kuna sababu ya kufanyiwa ECG siku hiyohiyo au kesho yake hata kama hujisikii vibaya.

Usishtuke ukiona mapigo yanaongezeka kidogo unapovuta pumzi na kupungua unapoitoa. Kwa vijana hasa, hiyo ni kawaida na ni dalili ya mishipa ya fahamu inayofanya kazi.

Andika: tarehe, saa, mapigo kwa dakika, mdundo ulivyokuwa, ulikuwa unafanya nini, na ulianza na kuisha ghafla au polepole. Hilo la mwisho husahaulika na ndilo daktari wa moyo huuliza mapema. Moyo unaopanda taratibu na kushuka taratibu kwa kawaida unaitikia hofu, homa, upungufu wa damu au maji kupungua mwilini. Unaowaka kama swichi na kuzimika kama swichi una hitilafu ya umeme.

Pigo linaloruka

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Watu husema moyo umesimama, kumbe haukusimama. Sehemu fulani ya moyo imetoa pigo kabla ya wakati, vyumba vikiwa bado havijajaa, ndiyo maana pigo hilo halifiki hata kwenye kifundo cha mkono. Unafuata mwanya, damu inajaa kuliko kawaida, na pigo la baada ya hapo linatoka na nguvu. Ule mtikisiko unaousikia kooni ni pigo la kawaida lililobeba damu nyingi.

Mapigo haya husikika zaidi ukilala kwa ubavu wa kushoto, kwa sababu moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua. Huongezeka kwa kukosa usingizi, pombe, msongo, vinywaji vya kuongeza nguvu, dawa za mafua zenye pseudoefedrini, na pampu ya pumu yenye salbutamoli. Kahawa hulaumiwa kupita kiasi. Wengi huvumilia vikombe viwili vitatu bila tatizo. Ukiitilia shaka, iache wiki mbili, irudie, na ulinganishe maandishi yako.

Kwa mtu mwenye moyo mzima, mapigo machache ya namna hii hayahitaji dawa. Yanahitaji kuangaliwa yakiwa mengi. Mapigo ya mapema kutoka vyumba vya chini yakizidi takribani asilimia 10 ya mapigo yote ya siku, yaani kama 10,000, yanaweza taratibu kuuchosha msuli wa moyo hadi usukume vibaya. Kwa bahati nzuri udhaifu huo mara nyingi hurekebika yakidhibitiwa. Jambo jingine la kuzingatia ni mazoezi. Yakipungua unapotembea haraka, hiyo ni dalili njema. Yakiongezeka, au yakija na maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mazoezi hadi upimwe.

Moyo unaowaka kama swichi

Hapa umeme unazunguka kwenye duara, kwa kawaida ndani au karibu na kituo cha katikati. Moyo unaruka kutoka 80 hadi 150 au hata 220 kwa dakika, mdundo ukiwa sawa kabisa. Shingo inadunda, mikono inatetemeka, na baadaye wengi hukojoa sana. Vijana wengi huambiwa ni wasiwasi tu, na huambiwa hivyo kwa miaka, kwa sababu wakifika hospitali moyo umeshatulia.

Kama daktari ameshathibitisha kuwa una tatizo hili, kuna mbinu unayoweza kuifanya mwenyewe. Kaa umeegemea nusu, puliza kwa nguvu kwenye mdomo wa bomba la sindano la mililita 10, kiasi cha kutaka tu kukisogeza kile kisukumio cha ndani, kwa sekunde 15. Mara tu ukimaliza, ulazwe chali na mtu akuinulie miguu nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine, kisha urudi kukaa. Katika utafiti wa REVERT uliochapishwa mwaka 2015, njia hii ilirudisha mdundo kwa asilimia 43 ya wagonjwa, ilhali kupuliza bila kulazwa na kuinuliwa miguu kulifaulu kwa asilimia 17. Tofauti yote iko kwenye ile miguu, na ndiyo hatua inayorukwa.

Kukandakanda shingo uache kabisa nyumbani. Kwa mtu mwenye utando wa mafuta kwenye mishipa ya shingo, kipande kinaweza kung'oka na kwenda kwenye ubongo. Na hali ikizidi nusu saa, au ikija na kuzimia, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, nenda hospitali mara moja. Matukio yakijirudia, ulizia ablesheni: waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni na kuunguza njia ile ya ziada. Kwa aina hii ya tatizo watu wengi hupona moja kwa moja.

Fibrilesheni ya atiria

Hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Badala ya kujikamua pamoja, vyumba vya juu hutetemeka ovyo kwa misukumo ya umeme 350 hadi 600 kwa dakika. Kituo cha katikati hupitisha baadhi tu, bila utaratibu, na huko ndiko unakotoka ule mdundo usiobashirika. Wengine huchoka tu, hupungukiwa pumzi wakipanda ngazi, na kudhani ni uzee. Wengine hawasikii chochote.

Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, hasa kwenye kifuko kidogo kilichoko pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto. Inaganda humo. Bonge likichomoka hushuka chumba cha chini na kurushwa kwenye mishipa mikuu, na njia ya kwenda ubongoni ni fupi. Kwa wastani, hatari ya kiharusi huwa kama mara tano ya mtu asiye na tatizo hili, na viharusi vya namna hii huwa vikubwa kwa sababu bonge lenyewe huwa kubwa.

Hatari hiyo huhesabiwa kwa alama. Kushindwa kwa moyo ni alama 1, shinikizo la juu la damu 1, kisukari 1, ugonjwa wa mishipa ya damu (kwa mfano kuwahi kupata shambulio la moyo) 1, umri wa miaka 65 hadi 74 ni 1, miaka 75 na kuendelea ni 2, na kuwahi kupata kiharusi, hata kile cha kupita chenyewe, ni 2. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeiondoa alama iliyokuwa inatolewa kwa kuwa mwanamke. Ukifikisha 2, dawa ya kuzuia damu kuganda inapendekezwa. Ukiwa na 1, ni suala la kujadiliana na daktari. Angalia kitu kimoja: hakuna alama ya kujisikia vibaya, wala ya kuja na kuondoka. Fibrilesheni ya saa chache kila mwezi inahesabiwa kwa alama hizohizo, na hata mdundo ukirudi sawa kwa dawa au ablesheni, uamuzi wa kuendelea na dawa ya damu unafuata alama.

Aspirini haitoshi kwa kazi hii. Utafiti wa AVERROES wa mwaka 2011 ulilinganisha aspirini na apixaban, mojawapo ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda: apixaban ilipunguza viharusi kwa zaidi ya nusu, huku utokaji damu mkubwa ukiwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Anayekupa aspirini akidhani ni chaguo la upole anakuachia hatari ya kuvuja damu na kukunyima kinga.

Warfarini ni dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda na bado ina nafasi yake. Wenye vali ya moyo ya chuma, au vali ya mitrali (ile ya kati ya vyumba vya kushoto) iliyobana kwa kiasi cha kati au kikubwa, hutumia warfarini na si dawa mpya. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulithibitisha hilo kwa wenye vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Hawa hawahesabiwi hata alama. Kwa fibrilesheni kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, hulengwa kati ya 2 na 3, na baadhi ya vali za chuma huhitaji zaidi. Mboga za majani usiziache, ila ule kiasi kilekile wiki hadi wiki. Kinachoyumbisha INR ni kushiba leo na kuacha kesho. Metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli huipandisha sana, rifampisini huishusha, kwa hiyo ukiandikiwa mojawapo sema unatumia warfarini na upimwe tena ndani ya siku chache.

Dawa mpya hazihitaji INR, lakini zina masharti yake. Rivaroxaban ya miligramu 15 au 20 inamezwa pamoja na chakula; tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa haifyonzwi. Kidonge cha dabigatran hakifunguliwi wala kutafunwa. Apixaban ni mara mbili kwa siku, na nguvu yake huisha haraka, hivyo kuruka dozi mbili tatu ni kama hutumii. Figo hupimwa kabla ya kuanza na angalau mara moja kwa mwaka. Kwa zote, warfarini ikiwemo, dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huongeza kutokwa damu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au kugonga kichwa, hata bila kidonda, ni sababu ya kwenda hospitali.

Baada ya damu kulindwa ndipo mnazungumzia mdundo. Mara nyingi huanzwa na kupunguza kasi kwa bisoprololi au metoprololi, na kwa mtu asiye na dalili, mapigo yaliyo chini ya 110 akiwa ametulia yanakubalika kwa kuanzia. Usiziache ghafla dawa hizi, moyo huruka juu. Kuurudisha mdundo kwa kushtua kwa umeme hutanguliwa na angalau wiki tatu za dawa ya damu bila kuruka dozi, isipokuwa kipimo kimethibitisha hakuna bonge, na hufuatiwa na wiki nne nyingine. Ukiruka dozi katika wiki hizo tatu, sema ukweli kabla ya kulala kitandani. Kuahirisha kunakugharimu muda. Bonge likisukumwa na mdundo mpya linakugharimu ubongo.

Kisha kuna vichochezi, ambavyo hupuuzwa kwa sababu havina karatasi ya dawa. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa linatangulia. Kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika usingizini ni kichochezi kikubwa, na mwenye chumba kimoja na wewe ndiye wa kuulizwa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hugunduliwa kwa kipimo cha damu, na kila mwenye fibrilesheni mpya anastahili kipimo hicho pamoja na potasiamu, figo, wingi wa damu na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Pombe nayo: jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha walioacha walirudiwa na fibrilesheni mara chache kuliko walioendelea kunywa.

Mashine ya kupima shinikizo la damu hukosea kirahisi mdundo ukiwa ovyo. Pima mara tatu, utumie wastani.

Kulinasa tatizo

ECG ya kawaida hurekodi kama sekunde 10. Ikiwa mapigo yako hukosea mara moja kwa wiki, majibu mazuri ya ECG hayathibitishi kitu. Chagua kipimo kwa kuangalia tatizo linakuja mara ngapi: kila siku, kifaa cha Holter, kinachovaliwa na kurekodi mapigo mfululizo kwa saa 24 hadi 48, kinatosha, kila wiki au mwezi, omba kinachovaliwa muda mrefu zaidi, ukizimia mara chache kwa mwaka, kuna kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kwa miaka. Ukiwa na Holter, andika saa ya kila dalili. Bila saa hizo daktari anaona mistari, haoni kama mistari hiyo ndiyo uliyoisikia.

Saa za mkononi zinasaidia, kwa masharti. Taa ya kijani huangalia damu inavyopita kwenye ngozi na hudanganyika ukitikisika. Ile yenye ECG ni bora: laza mkono mezani, usiongee, gusa saa kwa kidole cha mkono mwingine sekunde 30, kisha hifadhi rekodi na umpelekee daktari aisome mwenyewe. Saa haioni shambulio la moyo. Kifua kikibana na saa ikasema uko sawa, amini kifua.

Moyo wa polepole, na kuzimia

Mapigo 45 kwa mwanariadha si ugonjwa. Mapigo 45 yenye kizunguzungu, uchovu au kuzimia yanahitaji ECG siku hiyo. Kabla ya kuzungumzia upasuaji, kagua dawa: zile za kupunguza kasi, verapamili, dijoksini, na hata timololi ya matone ya macho, ambayo wengi hawaitaji wanapoulizwa dawa wanazotumia. Umeme ukiwa unakwama kabisa katikati, tiba ni pesimeka, kifaa kinachopandikizwa ili kuupigisha moyo kwa umeme. Mtu wa kwanza kupandikizwa pesimeka, Arne Larsson wa Uswidi, alipandikizwa mwaka 1958 na kuishi hadi 2001, akabadilishiwa vifaa mara nyingi njiani.

Kuzimia kunakotokea katikati ya mazoezi, kwa mshtuko wa sauti kali, au kwa mtu mwenye ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40, hakupaswi kuitwa uchovu. ECG iangaliwe muda wa QT, yaani muda ambao vyumba vya chini huchukua kuwaka kwa umeme na kutulia tena. Uliorekebishwa ukizidi milisekunde 500 hatari ni kubwa. Dawa kadhaa za kawaida huurefusha: erithromaisini, flukonazoli, haloperidoli, ondansetroni, klorokwini. Moja peke yake kwa kawaida haina neno; mbili pamoja, potasiamu ikiwa imeshuka kwa kuharisha au kutapika, ndiyo mchanganyiko unaoua.

Mtu akianguka, haitiki, na hapumui au anapumua kwa kukoroma kwa mbali kama samaki aliyetolewa majini, chukulia moyo umesimama. Agiza mtu mmoja apige simu ya dharura na mwingine atafute defibrileta, mashine ya kuushtua moyo kwa umeme. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, ukandamize sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Badilishaneni kila dakika mbili, kwa sababu mkandamizaji huchoka kabla hajajua kuwa amechoka. Defibrileta ikifika iwasheni mara moja na mfuate sauti yake, bila kusubiri mtaalamu. Haitashtua moyo usiohitaji kushtuliwa.